Bosi amesema nibaki kazini baada ya miaka 60, barua itafuata. Nibaki?

Swali: Mimi ni mpima ardhi wa serikali kuu, niko ofisi ya Mombasa tangu niajiriwe. Mwezi wa Oktoba natimiza miaka 60. Ofisi nzima nimebaki mimi peke yangu ninayejua kuzisoma zile ramani kuukuu za mashamba ya pwani, vijana wakikwama wananiita mimi. Sasa bosi ananiambia nisiwe na wasiwasi, nije tu kazini kama kawaida, barua ya ekstensheni itatoka Nairobi. Nauliza mambo 3. Nibaki? Nikibaki, miaka hiyo itaongezwa kwenye pensheni yangu? Na mbona kuna watu wazima kunishinda mimi wako serikalini na hakuna anayewaambia kitu?

Jibu: Ndugu yangu, swali la kwanza nakujibu kabla hata sijakusalimu vizuri: usibaki. Siku yako ya Oktoba ikifika na huna barua mkononi, kabidhi funguo, kabidhi vifaa, saini kitabu cha makabidhiano alafu uende nyumbani. Barua ikikukuta nyumbani utarudi na kazi yako na mshahara wako, lakini ukiingojea umekaa pale pale kwenye dawati utakuwa unafanya kazi ambayo serikali haijui kama inakudai au unaidai.

Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimefanya kazi ya rasilimali watu serikalini miaka mingi, na kuna mzee mmoja wa masjala hajanitoka akilini mpaka leo. Ofisi sitaitaja. Alikuwa ndiye anayejua kila faili ilipo, ukimtajia namba anakwambia iko shelfu ya ngapi. Akafikisha 60, bosi wake akamwambia maneno yale yale uliyoambiwa wewe, njoo tu, barua inakuja. Akaja miezi 7. Kila mwanzo wa mwezi karatasi ya mahudhurio ilikuwa inatoka kwa kompyuta imeshapigwa majina, na jina lake halimo, basi yeye akawa analiandika mwenyewe kwa biro pale chini ya mstari wa mwisho, jina, namba ya kazi, saa ya kuingia, sahihi. Mwisho wa mwezi simu za wenzake zinalia meseji za benki, yake kimya, na yeye anasema si kitu, zitakuja zote pamoja kama malimbikizo. Alafu yule bosi akahamishwa. Aliyekuja akauliza, huyu mzee ni nani? Makao makuu wakaandikiwa, jibu likarudi kwamba hakuna ombi lolote lililofika kabla ya tarehe ya kustaafu, kwa hiyo hakuna la kuidhinisha wala la kulipa. Mimi ndiye niliyemsomea ile barua. Na kilichoniuma zaidi, fomu zake za pensheni zilikuwa bado ziko kwenye droo yake hazijajazwa, maana alijiambia si bado niko kazini, hizo nitajaza nikiondoka.

Sasa nikueleze sheria inasemaje, maana maneno ya bosi wako yameanza na neno ambalo sheria hailijui. Ekstensheni haipo. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017, kifungu cha 80, inasema mtumishi akifikisha umri wa lazima wa kustaafu anastaafu kuanzia tarehe hiyo hiyo aliyoufikisha, na Tume, yaani PSC, au mamlaka yoyote nyingine ya uajiri haitamwongezea muda wa utumishi. Umeona, hata Tume yenyewe imefungwa mkono hapo, seuze bosi wa kituo. Umri wenyewe ni 60, ulitolewa 55 ukapandishwa mwaka 2009, nadhani unakumbuka ile furaha iliyokuwa maofisini mwezi ule wa Aprili. Kwa watu wenye ulemavu ni 65.

Lakini kifungu hicho hicho kinafungua mlango wa pili, na huo ndio wako ikiwa upo. Kinasema Tume au mamlaka ya uajiri inaweza kumchukua mstaafu afanye kazi baada ya kustaafu, kwa mkataba watakaoelewana, yakipatikana mambo matatu. Kwanza awe na ujuzi, maarifa na uwezo ambao ni adimu na ambao utumishi unauhitaji kwa wakati huo. Pili mwenyewe awe yuko tayari. Tatu utendaji wake usiwe umepunguzwa na umri. Yote matatu kwa pamoja, sio moja tu.

Tofauti ya ekstensheni na mkataba watu wengi wanaiona ni ya maneno tu, eti bora niko pale pale. Si ya maneno. Ekstensheni ingekuwa na maana ya kwamba utumishi wako wa 1980-na-kitu unaendelea, cheo chako kile kile, pensheni inazidi kupanda. Mkataba ni kwamba utumishi ule umekufa na umezikwa siku ya birthdei yako, na hii ni ajira nyingine mpya kabisa, ina mwanzo wake, mwisho wake, mshahara wake, na ikiisha imeisha. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa muda maalum ukifika mwisho wake unajiishia wenyewe, na mtu hana haki ya kutegemea kwamba lazima utarudiwa.

Hapo ndio jibu la swali lako la pili lilipo. Miezi ya mkataba haiingii kwenye pensheni. Pensheni yako inapigwa hesabu mpaka siku uliyotimiza 60 na inafungwa hapo. Nadhani wewe bado uko chini ya Sheria ya Pensheni, ile Sura ya 189, maana mpango mpya wa kuchangia ulipoanza tarehe 1 Januari 2021 waliolazimishwa kuingia ni wale walio chini ya miaka 45, nyinyi wa 45 kwenda juu mliachiwa hiari. Kama hukujaza fomu ya kuhamia basi hesabu yako ni ya zamani: mshahara wa mwaka mara miezi uliyofanya kazi, gawanya kwa 480. Chukua mfano wa mtu ambaye mshahara wake unaopigiwa hesabu ya pensheni ni shilingi 80,000 kwa mwezi, ni 960,000 kwa mwaka, na amefanya miaka 35 ambayo ni miezi 420. Inakuja 840,000 kwa mwaka. Akichagua kuchukua robo kwa mkupuo, ile robo ya 210,000 inazidishwa mara 20, anapata shilingi 4,200,000 mara moja, na robo tatu zilizobaki, 630,000 kwa mwaka, analipwa 52,500 kila mwezi. Weka namba zako mwenyewe hapo uone. Uwe na mkataba wa mwaka mmoja au miwili baada ya hapo, hesabu hii haisogei hata senti.

Kwa hiyo tafadhali, fomu za pensheni zijaze SASA, usizingojeze mkataba. Hayo ni mambo mawili tofauti yanaenda kwa njia mbili tofauti. Kwa kawaida notisi ya kustaafu hutolewa mwaka mmoja kabla, ikiwa yako hujaipata nenda kaiulizie, na ukienda hakikisha tarehe ya kuzaliwa kwenye faili, kwenye kitambulisho na kwenye barua yako ya kwanza ya kuajiriwa zinalingana, na jina pia, maana kwetu pwani mtu anaandikwa Mohamed huku, Muhammad kule, na jina la babu limeingia karatasi moja limeruka nyingine. Herufi moja ya hivo inaeza kukuweka miezi.

Turudi kwenye mkataba, tuone kama wewe unao ujuzi adimu kweli. Hapa nataka tuongee kama watu wazima. Kuwa mtu wa muhimu ofisini si sawa na kuwa na ujuzi adimu. Kila mtu aliyekaa kazini miaka 35 ni wa muhimu, kila ofisi inamlilia anayeondoka. Wanaopitia ombi watauliza swali moja rahisi: hakuna mwingine? Ruaraka makao makuu hakuna mpima ardhi hata mmoja anayeweza kuhamishwa Mombasa? Na ikiwa hakuna, mlikuwa wapi miaka 10 hamkufundisha mtu? Swali hilo la mwisho ndilo linaloangusha maombi mengi, kwa sababu jibu lake linamwaibisha anayeomba.

Lakini kesi yako wewe naiona ina mguu wa kusimama. Ardhi ya pwani sio kama ya bara. Ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilihusu hapa kwetu, kwenye ule mwambao wa maili kumi, watu wakapeleka madai yao kwa msajili, aliyekubaliwa akapewa hati na ramani yake, ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Sheria ile imefutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 lakini mashamba hayakufutwa, kesi zake bado zinakuja, na ramani zake ziko na vipimo vya futi na koordineti za Cassini, ule mfumo wa zamani wa kuchora ramani, wakati kijana aliyetoka chuo juzi amezoea mita na GPS. Mtu anayeweza kuchukua karatasi ya namna hiyo, akaenda nayo Kisauni au Likoni, akakuonyesha bikoni ya zamani, yaani alama ya mpaka, ilikuwa upande gani wa mbuyu uliokatwa, huyo si rahisi kumpata. Hilo ndilo la kuandikwa kwenye ombi. Msiandike “afisa mwenye uzoefu na bidii”, hayo kila mtu anaandikiwa. Andikeni ni ramani za aina gani, ziko ngapi ambazo kazi yake haijaisha, ni kesi ngapi ziko kortini zinazomhitaji mpima anayezielewa, ni nani atafundishwa kwa muda huo na atafundishwa nini. Mkataba wa mwaka mmoja wenye vijana 2 wa kufundishwa majina yao yameandikwa una nguvu kuliko ombi la miaka 3 lisilosema unaacha nini.

Na ombi hilo huliandiki wewe. Wewe unaandika barua ya kusema uko tayari, hilo ni lile sharti la pili, alafu bosi wako anaandika kwa mkurugenzi wa idara, linapita kwenye kamati ya rasilimali watu ya wizara, Katibu wa Wizara analipeleka PSC. Njia ni ndefu. Ikiwa tuko miezi michache kabla ya Oktoba na bado ni maneno ya mdomo tu, mmechelewa tayari, kwa hiyo Jumatatu nenda kwa bosi umwombe kwa heshima kopi ya memo aliyoituma, yenye namba ya kumbukumbu na muhuri wa kupokelewa. Akikwambia bado hajaituma umeshajua ulipo. Na ripoti ya daktari ya afya yako, hata kama hawajaiomba, kuwa nayo, haikudhuru, inajibu lile sharti la tatu kabla hujaulizwa.

Labda unajiuliza, sasa bosi mwenyewe amenihakikishia, si ndiye mkubwa wa kituo? Simfikirii vibaya, pengine anakutakia mema na anaogopa kubaki na ofisi isiyo na mtu. Lakini hana uwezo huo, na anajiweka hatarini mwenyewe. Katiba kifungu cha 226(5) kinasema afisa wa umma akiidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria, hasara ile ni yake, atailipa, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Mshahara wa mtu aliyepita 60 bila idhini ni matumizi ya namna hiyo, na Mkaguzi Mkuu akipita kwenye peyroli hilo ni moja ya mambo mepesi kabisa kuliona, tarehe ya kuzaliwa iko pale. Mwambie hivo, kwa upole. Wengi nimewaona wakishalisikia wanaandika memo siku hiyo hiyo.

Ikiwa barua itakuja, basi isome kabla ya kuisaini. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na mwenye jukumu la kuuandika ni mwajiri, sio wewe. Angalia tarehe ya kuanza isiwe ya nyuma kwa njia ya kukuokoa siku ulizofanya bila idhini, hilo litakuletea maswali. Angalia gratuity, yaani kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba. Kiwango kinachotumika sana kwa mikataba ya serikali ni 31% ya mshahara wa msingi, lakini usidhani inakuja yenyewe, kama haikuandikwa usiihesabu. Uliza likizo, uliza bima ya matibabu kama bado unahesabiwa na wafanyakazi wengine au umetolewa, hili kwa umri wetu ni kubwa kuliko mshahara wenyewe. Na jua makato yanaendelea kama ya mfanyakazi yeyote: PAYE ambayo ni kodi ya mapato, SHIF ya bima ya afya 2.75% ya mshahara wote, ushuru wa nyumba 1.5%. Mtu anaona mshahara kwenye barua anafurahi, mwisho wa mwezi anashangaa.

Swali la tatu, la wale wazee wanaoonekana wako tu. Wengi wao hawako kwenye kapu lako. Jaji anastaafu 70, Katiba imesema hivo, akitaka anaweza kuondoka 65. Mawaziri hawana umri wa kustaafu. Makamishna wa zile tume za kikatiba wanachukuliwa kwa kipindi kimoja cha miaka 6 kisichorudiwa, mtu anaeza kuingia na miaka 62 na hakuna sheria aliyovunja. Wako pia walio kwenye bodi za mashirika, hao si waajiriwa, wanateuliwa na kulipwa posho za vikao. Na wako walio na mikataba halali ya kifungu cha 80 ambayo wewe huioni kwa sababu iko kwenye faili zao. Na ndio, sitakuficha, wako ambao wamekaa tu kimya kwa kujuana. Hao usiwafanye mfano, siku yao ikifika watadaiwa warudishe, na wakati huo mtu ana miaka 63 na pesa alishazijengea.

Mimi mwenyewe naikubali sheria hii, hata nikijua inawauma watu kama wewe. Nimekaa kwenye meza za intavyu nikaona vijana wenye digrii ya upimaji wamekaa miaka 6 nyumbani, wengine wanaendesha bodaboda, na nafasi haitangazwi kwa sababu kuna mtu hajaiachia. Kinachoniudhi ni vile ofisi zetu zinavyongoja mpaka wiki ya mwisho ndio zikumbuke kwamba mzee huyu anaondoka na kila kitu kichwani. Hilo si kosa lako, lakini ukipewa mwaka mmoja unaweza kulirekebisha upande wako.

Na mkataba usipotoka? Hujafungiwa dunia. Kufanya kazi kwenye sekta binafsi huhitaji ruhusa ya PSC. Kuna ofisi za wapima ardhi wenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, hapa Mombasa na Kilifi, na mtu mwenye ujuzi wako wa ramani za zamani watamtaka, unaeza kufanya nao kazi chini ya leseni yao, au ukaangalia kama unafikia masharti ya Bodi ya Wapima Ardhi uchukue yako. Jambo moja tu la kulinda: plot uliyokuwa unaishughulikia kwa jina la serikali usiichukue tena kwa jina la mteja. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inaweka angalau miaka 2 kwa mambo ya namna hiyo kwa maafisa wa dola, na hata pale ambapo watu wanabishana kama inamgusa kila mtumishi, wewe jiwekee hiyo miaka 2. Hakuna kitu kinachomwaribia mpima ardhi jina kama kuonekana pande zote mbili za bikoni moja.

Kaunti nazo zina bodi zao za utumishi ambazo ni mamlaka za uajiri, ukiona nafasi ya kazi imetangazwa usome vizuri sharti la umri kabla ya kupoteza nauli.

La mwisho, kuhusu ile 65. Nimeulizwa na watu kama wewe, mgongo unauma, macho yamepungua, si nijisajili niongezewe miaka 5? Ikiwa una ulemavu wa kudumu na umesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hiyo ni haki yako na rekodi zako za kazi zilipaswa kuonyesha hivo kitambo. Ikiwa unalifikiria leo kwa sababu Oktoba inakaribia, liache.

Kwa hiyo Jumatatu: kopi ya memo kutoka kwa bosi, barua yako ya kusema uko tayari, na fomu za pensheni zitoke kwenye droo. Ukipata memo, niandikie uniambie tarehe iliyo kwenye muhuri wa kupokelewa na imeishia meza ya nani, nikwambie kama bado kuna muda wa kuisukuma kabla ya Oktoba.